Kiti cha Mkwe na Sponji la Kitandani

Mwaka nilioingia kwenye kazi ya makochi ni ule tuliokula unga wa njano. Walioishi wanaujua. Mahindi yaligoma shambani, mihogo ikaisha mpaka ile michungu, ukaja unga wa msaada wenye rangi ya kifaranga. Kwetu Nyamwaga wazee waliutazama wakasema huo ni wa kulishia mifugo. Ng'ombe wakaonjeshwa, nao wakageuza shingo. Mimi niliula, na mgagani. Nilikuwa na mtoto mgongoni, na mume wangu alikuwa Mugumu, mlinzi kwenye kambi ya barabara. Nikamfuata huko huko kwa sababu niliambiwa kambini wana maharage.

Mimi ni Bibi Ghati. Ninyi mafundi wa Nyamisangura mnanijua, mmepita mikononi mwangu karibu wote, wengine nimewapiga na futi ya mbao. Mmesema niandike ya kazini sasa nimestaafu. Haya. Nimesoma mpaka darasa la nne, kwa hiyo mkikuta herufi imelala, iamsheni wenyewe.

Mugumu kulikuwa na fundi makochi anaitwa Mzee Athumani, Mwislamu, mtu wa pwani aliyeletwa na biashara ya baba yake akabaki. Alikuwa mfupi, msafi, kofia yake nyeupe hata siku ya kazi ya magunia. Nilikwenda kwake kuomba kufagia. Akaniangalia mikono, hakuniangalia uso.

"Unajua kuchambua sufi, binti?"

"Najua kuchambua maharage."

"Basi kaa. Sufi ni maharage yasiyo na adabu."

Siku hiyo ya kwanza ndiyo nilielewa. Wakati ule makochi yalijazwa sufi, au nyuzi za katani, au majani makavu kwa wasio na uwezo. Sufi unaitoa mbegu moja moja, na ni nyepesi kuliko pumzi. Nikapiga chafya. Kazi ya asubuhi nzima ikapaa, ikatua kwenye dari, kwenye chai, kwenye ndevu za Mzee. Hakunigombeza. Alisema tu, "Tunaanza upya, na safari hii chafya ukapige barabarani." Mpaka leo nikitaka kupiga chafya natoka nje, hata kanisani.

Sponji lilikuja baadaye, kwa kupitia Sirari. Mpaka wa Kenya siku hizo ulikuwa na maneno mengi, kwa hiyo akina mama walivuka wakiwa wamejifunga sponji tumboni chini ya gauni. Walivuka na mimba, wakafika Tarime wakajifungua godoro. Askari mmoja alimpa pole mama aliyekuwa na mimba ya pembe nne. Bunda letu la kwanza lilifika Mugumu juu ya gari la mkaa, na Mzee Athumani alilipokea kama anapokea mgeni kutoka Maka. Alilinusa. Alilibonyeza kwa kiwiko. Akaniita nami nibonyeze.

"Likirudi pamoja na mkono wako, lina uhai. Likichelewa, limechoka. Lisiporudi, mrudishie aliyekuuzia kabla hajafika kwake."

Hilo ndilo somo la kwanza la sponji na bado halijapitwa, hata sasa mnaponunua yale yenye karatasi za maandishi. Karatasi haibonyezeki.

Mimi nikamwambia kwetu tunalo sponji pia, linaota kwenye uzio. Nilikuwa nasema dodoki. Nimekua naogeshwa na dodoki, nimeogesha nalo watoto wangu, linatoa uchafu wa shambani na ngozi kidogo juu yake. Mzee akacheka, akaingia ndani akarudi na mkebe wa kahawa. Ndani mna kitu cha rangi ya kahawia, kina matundu matundu.

"Hili ndilo lenyewe la asili. Sifongo. Lilitoka baharini, na lilikuwa hai."

"Mti?"

"Mnyama."

Mimi mtoto wa Mkurya, mnyama namjua. Nikaligeuza juu, nikaligeuza chini. "Mzee, macho yake yako wapi?"

"Hana."

"Miguu?"

"Hana."

"Sasa anachinjwaje?"

Alicheka mpaka akakaa chini. Nilijua ananidanganya, nikanyamaza kwa heshima. Miaka mingi baadaye mjukuu wangu Boke akanionyesha kwenye simu, kweli ni mnyama, amekaa chini ya maji anakunywa siku nzima. Nikasema Mzee Athumani nisamehe huko uliko, ila mnyama asiye na mguu bado simhesabu kwenye mahari.

Sasa niwaambie kanuni, maana ndiyo iliyonifanya nikubali kuandika.

Siku moja mfanyabiashara wa Mugumu alileta godoro lake. Limetumika lakini nene, zuri. Anataka likatwe liwe mito ya viti vya sebuleni. Mzee hata hakuligusa. Alisimama mlangoni akasema, "Sponji lililolaliwa silikati."

Yule bwana akabembeleza. Akasema litafunikwa kitambaa. Mzee akasema tena maneno yale yale, kwa sauti ile ile, bila kuongeza wala kupunguza, mpaka bwana akachoka akalibeba.

Nikauliza kwa nini. Akasema, "Mtu akilala anaacha mambo yake humo, mwanangu. Jasho lake, maradhi yake, ndoa yake. Nguo utaifua. Sponji hulifui likatakata mpaka moyoni. Wewe utamkalisha shehe juu ya ndoa ya mtu?"

Yeye alikuwa anasema kwa dini yake, mambo ya usafi wa mtu anayetaka kuswali. Mimi nilisikia kwa Kikurya. Kwetu kuna kitu kinaitwa ensoni, ile heshima yenye aibu ndani yake kati ya mzazi na watoto waliooa na kuolewa, na zaidi sana kwa wakwe. Baba haingii chumba cha mwanawe aliyeoa. Mkwe hagusi kitanda cha binti yake, hata godoro likianikwa juani anapita mbali kama vile kuna nyoka. Sasa ukilichukua godoro hilo, ukalikata, ukalivika kitambaa cha maua, ukamwambia mkwe "karibu ukae", umemfanya nini? Umemkalisha kitandani kwa binti yake, naye hajui. Nikaona huyu Mzee wa pwani na bibi yangu wa Nyamwaga wamekutana mahali pamoja bila kuonana.

Alinifundisha kukata. Kisu chetu kilikuwa msumeno wa chuma ulionolewa pande zote mbili, unapakwa sabuni ya kipande, halafu unavuta, husukumi. Ukisukuma sponji linakukimbia na mstari unakuwa kama njia ya mlevi. Pima kwa shibiri yako, siyo ya mwenzako. Mto ukate mkubwa kuliko foronya yake kidogo, uingie kwa kubanwa, vinginevyo baada ya mwezi kochi linanyong'onyea kama mama mkwe aliyenyimwa nyama. Gundi paka pande zote mbili, subiri, ndipo ukutanishe. Wanaume wengi hawawezi hiyo subiri.

Mzee alipozeeka alirudi kwao pwani kwa watoto wake. Aliniachia kisu na ule mkebe wa sifongo. Mume wangu alihamishiwa Tarime, nami nikafungua kibanda Nyamisangura. Watu walipita wakiuliza, "Mama, fundi yuko wapi?" Nikawa najibu, "Amekwenda kujifungua, rudini kesho." Kweli kesho yake nilikuwa na mtoto mgongoni na nyundo mkononi.

Mjini ndiko nilipojua sponji halina mipaka. Vipande vyangu vya pembeni havikuwahi kutupwa. Mwalimu alikuja kuchukua cha kufutia ubao. Karani wa benki alitaka kile cha kulowanisha kidole anapohesabu noti, nikamkatia cha duara kama chapati. Washonaji walinunua vya kuweka mabegani kwenye magauni, enzi zile kila mwanamke alitaka kuonekana kama mlango wa kanisa. Wengine walitaka vya kuweka kifuani, hao nilipima bila kuuliza. Vya kuoshea masufuria, vya kupaka kiwi viatu, vya kujazia mito ya watoto. Zahanati walichukua vile laini vya kumpangusia mtoto mwenye homa kwa maji, na hivyo nilitoa bure, maana mtoto wangu wa pili alipona homa kwa mkono wa nesi na kipande cha sponji. Bodaboda walipoingia ndipo nilipata kazi ya siti mpaka mgongo ukalia. Hata mpishi wa hoteli moja ya Mugumu aliniambia keki yake inaitwa sponji. Nikaibonyeza kwa kiwiko. Ikarudi. Nikamwambia nzuri, ina uhai. Hakufurahi.

Katika yote hayo kanuni nilibaki nayo. Nimepoteza wateja, sitawadanganya. Wengine walinitukana. Mmoja aliniita mchawi wa magodoro. Mimi nilijibu maneno ya Mzee, nikaendelea kugonga misumari.

Ndipo akaja Chacha wa Kerende.

Huyu alikuwa kijana mwenye kazi mgodini, ana nyumba ya matofali, ana makochi ya mbao nzuri ambayo sponji lake lilikuwa limekufa. Mkewe anaitwa Robi. Baba yake Robi alikuwa hajawahi kukanyaga pale tangu ng'ombe wa mahari walipomalizika, sasa alikuwa ametuma neno kwamba anakuja kuona binti yake anavyoishi. Kwetu hiyo siyo ziara, ni mtihani. Chacha akaja na pikapu, nyuma kuna makochi yake na juu yake godoro lake la futi sita kwa sita, nene, halina hata mwaka.

"Mama, shikamoo. Nimenunua jingine. Hili likate viti vya sebuleni, nataka mkwe wangu akae mahali panapoeleweka."

"Marahaba. Mlilalia hili?"

"Sasa godoro tulifanyie nini, mama? Tulilime?"

"Sponji lililolaliwa silikati."

Akacheka, akadhani natania. Nikasema tena. Akakasirika, akasema mama umezeeka, siku hizi watu wanaangalia ubora, na nani atajua likishafunikwa? Akawasha gari. Nilimwona anasimama mbele kidogo, kwa Marwa. Marwa nilimfundisha mwenyewe. Kukata alijifunza, kukataa hakujifunza. Jioni makochi yalipita mbele ya kibanda changu yakiwa yamevaa kitambaa cha maua makubwa, yamejaa vizuri, sina la kusema juu ya mshono.

Siku iliyofuata Robi akaja. Alikuja na bodaboda, hakutaka chai. Alikaa kwenye gunia la chenga za sponji akafunika uso kwa khanga.

"Mama, kesho tata anakuja. Atakaa juu ya kitanda changu."

"Umemwambia mumeo?"

"Nimemwambia. Anasema nani atajua. Mimi si najua? Nitampaje baba yangu uji huku namwangalia pale? Na nikimwambia usikae, ataniuliza kwa nini. Hilo neno nitalitoa na mdomo gani?"

Nilimtazama. Asipofanya kitu angebeba aibu hiyo kila akimwona baba yake, mpaka azikwe. Na akisema, angemvunja mumewe mbele ya mkwe. Kijana hakuwa mbaya. Alitaka kumheshimu mzee, ila akaanzia kitandani.

Nilikuwa na sponji jipya limekuja asubuhi hiyo kutoka Sirari, la viti vya mchungaji. Mchungaji akasubiri. Kazi yake ni kutuambia tuvumilie.

Kesho yake alfajiri nikapanda bodaboda kwenda Kerende na bunda limefungwa nyuma yangu. Ninyi mnaojua upepo wa ile barabara mnajua. Kila lori likipita, sponji linataka kurudi Kenya na mimi nikiwa nimeshikana nalo. Dereva akapiga kelele, "Bibi, wewe unaendesha au mimi?" Nikamwambia twende, tutajuana mbele.

Chacha alinikuta sebuleni kwake nimeshafungua mto wa kwanza.

"Mama! Umekuja kubomoa viti vyangu siku ya mkwe?"

"Mwangalie mkeo anavyofagia."

Akaangalia. Robi alikuwa anafagia sebule nzima, lakini akifika kwenye makochi anazunguka mbali, ufagio unaishia nusu. Hakuwa anajifanya. Mwili ulikataa wenyewe. Chacha akavua shati akaniuliza, "Nishike wapi?"

Tukaanza. Mimi nakata jipya, yeye anachomoa la zamani, Robi anashona mdomo wa foronya. Tulikuwa tumebakiza viti viwili tukasikia kikohozi nje. Mzee amefika. Watu wa umri ule wakisema mchana wanatoka nyumbani jogoo bado amelala. Chacha akasukuma masponji ya zamani chumbani kwa mguu, akatoka kumpokea huku anavaa shati kinyume.

Nikachungulia. Mzee mrefu, koti, fimbo, kofia ya pama. Na kwapani amebeba kigoda chake.

Ndipo nikaelewa. Yule mzee alikuwa amekuja na kiti chake mwenyewe. Aliingia, akasalimia, akatazama makochi yale ya maua, akaweka kigoda chini katikati ya sebule.

Chacha akanyong'onyea. Kiti chote kile, na mkwe anakalia kigoda alichotoka nacho kwao! Maana yake ni nini? Kwamba nyumba haina pa kumkalisha. Robi alisimama mlangoni na bakuli la uji, hakuweza kuja wala kurudi.

"Tata, karibu kwenye kochi," akasema kwa sauti ndogo.

"Mimi sikai kwenye viti vya siku hizi," mzee akasema. "Sijui vimetoka wapi." Akaniona mimi na kisu changu. "Na huyu?"

"Shikamoo mzee. Mimi ndiye fundi."

"Marahaba. Fundi mwanamke?"

"Nilipooga asubuhi ndivyo ilivyokuwa."

Mdomo wake ulicheza kidogo, akauzuia. Akanyoosha fimbo akagusa kochi lililokuwa tayari, akalibonyeza. Sponji likarudi pamoja na fimbo. Akaniangalia, na mimi nikajua anachouliza, na nikajua hawezi kukiuliza mbele ya binti yake. Alizunguka kwa mbali.

"Mle ndani mna nini?"

"Sponji, mzee."

"Limekujaje?"

"Limekuja na mimi leo asubuhi, jipya. Limenipiga njia nzima."

"Watu wanasema mafundi wa mjini wanachukua chochote."

Nikaweka kisu chini. "Sponji lililolaliwa silikati."

Chacha alikuwa anatazama vidole vya miguu yake. Mzee alinitazama mpaka akatosheka, halafu akainama, akaokota kigoda chake, akampa Robi akaweke pembeni. Akakaa kwenye kochi. Likazama, akashtuka, akashika mikono ya kiti.

"Mura! Kijana, kinanimeza hiki!"

Sote tukacheka, na yeye mwenyewe akacheka, akajaribu tena kwa kujirusha kidogo kama mtoto. Robi akavuka sebule. Alipita katikati, akapiga magoti akampa baba yake uji, na akakaa kwenye kochi la jirani lililokuwa tayari, bila kuzunguka. Viti vile viwili vya mwisho nilivimalizia nje, nilikunywa uji wangu huko huko, na sikuwahi kunywa uji mtamu kama ule.

Mnaniuliza lile la zamani lilikwenda wapi. Chacha alilichana kwa mikono yake, wakawa wanaoshea magari mgodini. Mimi sikuweka kisu. Marwa naye alikuja baada ya siku chache, akakaa kwenye gunia lile lile la chenga. Nikampa chai. Tangu hapo anawajibu wateja kama mimi, nimemsikia kwa masikio yangu, ila yeye anaongeza "samahani". Haihitajiki.

Sasa kibanda ni cha Boke, mjukuu wangu. Ana mashine ya kukatia, ana stepla ya upepo, ana picha za makochi kwenye simu. Anakata vizuri kuliko nilivyokata umri wake, na nasema hivyo mbele za watu ili wivu uwamalize. Mimi nakaa barazani, nachambua maharage. Mkebe wa sifongo uko dirishani.

Wiki iliyopita wajukuu walichanga wakaninunulia godoro jipya. Lile la zamani, ambalo nililala na babu yao mpaka alipofariki, wakalitoa nje juani. Jumapili mkwe wangu, mume wa binti yangu mdogo, alikuwa anakuja na wazazi wake. Boke akasimama juu ya lile godoro na futi yake mkononi, uso mkavu kabisa.

"Bibi, hili bado zima. Nibonyeze uone? Linarudi. Nikate viti viwili vya baraza kwa ajili ya wakwe?"

Alikuwa anajua. Macho yalikuwa yanacheka, alitaka tu anisikie. Nikainuka na maharage yangu mapajani, yakamwagika yote.

"Sponji lililolaliwa silikati."